Kutoka kikao cha mtaa hadi Gazeti la Serikali: namna ya kutafuta sheria ndogo ya tumbaku zenye ladha jijini Tanga

Pita Ngamiani mchana shule zinapotoka, usimame kidogo kwenye kibanda chochote chenye ndoo ya pipi mbele. Pakiti ya sigara iliyofunguliwa utaikuta hapo hapo, kati ya bigijii na biskuti, na mara nyingi ile ya mnanaa ndiyo inayokwisha mapema. Nilimuuliza kijana mmoja muuzaji sababu yake. Akanijibu, "Hii haikwaruzi koo, mzee."

Kijana yule hajasoma udaktari lakini amelenga. Mentholi, ile kemikali ya mnanaa, huamsha mishipa inayohisi ubaridi, koo likapoa, na anayevuta kwa mara ya kwanza hakohoi kama ambavyo mwili ungemlazimisha akohoe. Shisha ni hivyo hivyo: tumbaku iliyolowekwa katika asali au molasi pamoja na glisirini na harufu ya matunda, ikachomwa kwa mkaa. Maji ya kwenye chupa hupoza moshi, hayachuji sumu, na mkaa wenyewe unaongeza kaboni monoksaidi. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa moshi anaouvuta mtu katika kikao kimoja cha shisha unaweza kulingana na wa sigara 100 au zaidi. Ladha, basi, ndiyo mlango wa kuingilia.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule au mwenyekiti wa mtaa anayetaka mlango huo ufungwe kwa sheria ndogo. Nimeandika mihtasari ya vikao vya mtaa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia zaidi makaratasi. Makelele hamhitaji kufundishwa.

Kwa nini msiombe agizo tu

Wengi wetu tukikerwa hukimbilia kwa mkubwa. Atangaze kwenye mkutano, mgambo wapite, chupa za shisha zivunjwe, picha zipigwe. Tumeshayaona. Julai 2016 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliagiza shisha ipigwe marufuku, na Dar es Salaam Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, akatangaza msako. Sibezi nia yao. Ila agizo hutembea na aliyelitoa. Akihamishwa, linafunga mizigo naye.

Hata kanuni iliyoandikwa ina hatari yake ikiruka hatua. Majirani zetu Kenya walipiga marufuku shisha Desemba 2017 kwa kanuni za Waziri wa Afya. Septemba 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia watu walioshtakiwa kwa shisha, kwa hoja kwamba utaratibu wa kuzipitisha kanuni hizo bungeni haukukamilishwa. Ubaya wa shisha haukuwa hoja kabisa. Kilichoangusha kesi ni njia iliyofuatwa. Mkiona mimi nasisitiza sahihi na tarehe hadi nachosha, kumbukeni Shanzu.

Jueni mnachokizuia

Msiende kikaoni na neno "sigara" peke yake, mtagombana na nusu ya ukumbi kabla hamjaanza. Orodhesheni bidhaa kama zilivyo mitaani.

Kuna sigara za mnanaa, na ndugu zake zenye kidonge ndani ya kichungi: unabonyeza, kinapasuka, ladha inabadilika katikati ya kuvuta. Kuna tumbaku ya shisha katika mikebe na vipakiti, tufaha, zabibu, embe. Kuna vepu, ambazo nyingi hazina jani la tumbaku bali maji yenye nikotini na harufu ya matunda; ndiyo maana rasimu yenu ikisema "tumbaku" tu, vepu zinapita chini ya meza. Na kuna kuberi, vipakiti vidogo vyenye harufu tamu vinavyotiwa chini ya mdomo, ambavyo mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima asijue kuwa mwanafunzi wa mbele amevibana.

Halafu kuna tambuu. Hapa nawaomba busara. Bibi zetu wa Tanga wametafuna tambuu na popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku tangu hatujazaliwa, na harusi nyingine haikamiliki bila sinia hilo. Kiafya sitawadanganya: tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa, na popoo nayo imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Lakini mkiingiza tambuu ya bibi katika rasimu ya kwanza, mjadala wote utakuwa wa tambuu na shisha itasahauliwa. Kwa maoni yangu iachwe tambuu inayotengenezwa papo hapo kwa mkono, ikamatwe ile ya viwandani ya kwenye vipakiti. Wengine watanipinga, na wana haki.

Jueni nani ana mamlaka

Hapa ndipo watu hupoteza miezi. Mtaa hautungi sheria ndogo. Kata haitungi. Ndani ya Jiji la Tanga mwenye mamlaka hayo ni Halmashauri ya Jiji, kupitia Baraza la Madiwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Mtaa na kata ni ngazi za kupandishia hoja.

Msomaji wa Mkinga, Muheza, Pangani au vijiji vya Bagamoyo ana njia fupi zaidi. Huko inatumika Sura ya 287, ya Mamlaka za Wilaya, na kijiji chenyewe kinaweza kutunga sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Ukikaa kijijini karibu na Horohoro, mahali bidhaa za ng'ambo ya mpaka zinapopita, usingoje mjini waanze.

Juu ya yote ipo sheria ya Bunge. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18 na inaweka mipaka ya kuvuta hadharani. Inamtaka muuzaji aangalie umri wa mnunuzi, ladha haimuulizi. Pengo hilo ndilo mnaloliendea. Sheria ndogo ikipingana na sheria ya Bunge inakufa, kwa hiyo yenu iongeze masharti pale sheria kubwa iliponyamaza, isijaribu kuisahihisha.

Mna nguzo nyingine: Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Miongozo ya ibara ya 9 na ya 10 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama zizuie au zipunguze viungo vinavyoifanya tumbaku ivutike kwa ulaini. Diwani akiuliza "haya mmeyatoa wapi?", jibu ni kwamba nchi yetu ilishatia saini.

Daftari kabla ya maneno

Kabla ya kikao chochote, fanyeni hesabu yenu. Chukueni eneo dogo, tuseme shule mbili na mitaa inayozizunguka. Ngamiani imewarahisishia kazi kwa barabara zake zenye namba: mtu mmoja anashika barabara moja, hakuna kurudia wala kuruka. Nendeni wawili wawili, siku ya shule na siku ya mapumziko, kwa sababu picha ni tofauti. Jioni ya Jumamosi kule Raskazone haifanani na asubuhi ya Jumanne Makorora.

Andikeni haya: aina ya mahali (duka, kibanda, genge, baa, mgahawa), umbali kutoka uzio wa shule, bidhaa zenye ladha zilizoonekana, zimewekwa karibu na nini, zinauzwa kwa pakiti au moja moja, na bei ya moja. Hiyo bei ya moja ni ya maana sana. Mtoto hana hela ya pakiti, ana hela ya moja.

Msiandike majina ya wauzaji. Msipige picha vibanda vya watu. Na msimtume mtoto kununua ili "mkamate ushahidi". Mtakuwa mmemsukuma mtoto kwenye kosa lile lile mnalolipinga, na muuzaji atasimama kikaoni awaambie hivyo mbele ya watu. Tazameni, hesabuni, ondokeni. Mkiulizwa, semeni mnachofanya.

Kupima umbali, tepu ya fundi inatosha. Hatua za miguu zinafaa kwa makadirio tu, kwa sababu miguu ya mwalimu wa michezo si miguu yangu.

Mwisho wa siku mtakuwa na karatasi moja: vibanda vingapi, vingapi vina bidhaa zenye ladha, vingapi viko chini ya mita 100 kutoka shuleni. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba. Mkitaka takwimu ya kitaifa ya kuwekea chini yake, utafiti wa watu wazima wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya Watanzania wazima wanatumia tumbaku, wanaume asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Wapo watakaosema "mbona ni wachache". Jibuni kuwa ndivyo, na mnataka wabaki wachache.

Kikao cha mtaa

Muoneni mwenyekiti wa mtaa nyumbani kwake kwanza, kwa adabu, kabla ya barua. Mwenyekiti akilisikia jambo mara ya kwanza ukumbini, hulipinga kwa sababu hiyo tu. Kisha mpelekeeni barua fupi yeye na mtendaji wa mtaa, mkiomba ajenda iingizwe kwenye mkutano wa wakazi. Saa ya kikao isigongane na swala. Baada ya Alasiri ndiyo saa yenye watu Tanga, kina mama wamemaliza jikoni na bodaboda wengine wamepumzika.

Waalikeni wauzaji. Hapa sitanii. Sheria ndogo inayopitishwa bila wenye vibanda hufika kibandani kama adui. Mwenye kibanda ana hoja za kweli: faida ya sigara ni ndogo lakini inamleta mteja anayenunua na soda. Sikilizeni, muandike alichosema katika muhtasari. Mkifika juu mkaulizwa kama wafanyabiashara walishirikishwa, mtafungua ukurasa.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, ajenda, hoja za pande zote, azimio na idadi ya kura, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, mhuri, na karatasi ya mahudhurio iliyoambatanishwa. Miaka ya nyuma tulipeleka ombi letu moja, la jambo jingine kabisa, ofisi fulani, likiwa na sahihi zaidi ya mia mbili. Likarudishwa. Sahihi zilikuwepo, muhtasari haukuwepo. Tukaanza upya, na waliosaini mara ya kwanza nusu yao hawakurudi.

Azimio liwe sentensi moja: "Mkutano wa wakazi wa Mtaa wa … unaiomba Halmashauri ya Jiji la Tanga itunge sheria ndogo ya kuzuia uuzaji wa bidhaa za tumbaku na nikotini zenye ladha." Mitaa mitatu au minne ya kata moja ikipitisha azimio lenye maneno yale yale, diwani hataweza kusema ni kelele za watu wachache.

Kata

Hatua hii ni fupi. Mihtasari ya mitaa inakwenda kwa mtendaji wa kata, anaiingiza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Mwombeni afisa afya wa kata aseme maneno matano, na mwalimu mkuu mmoja matano mengine. Muhtasari wa kata ukitoka, ombeni nakala siku ile ile.

Rasimu

Kuandika rasimu rasmi ni kazi ya mwanasheria wa Jiji. Lakini mkimpelekea mezani karatasi tupu atawaandikia sheria ya sigara, siyo ya ladha. Mpelekeeni mapendekezo yenye maneno. Nikiwa na saa kumi za kufanya kazi hii yote, sita ningezitumia kwenye tafsiri ya maneno, kwa sababu ndipo watengenezaji wa tumbaku wanapocheza.

Tazameni Marekani, ambako miji na majimbo yamejaribu mambo haya kwa miaka. Mwaka 2009 sheria ya nchi nzima ilipiga marufuku sigara zenye ladha, ikauacha mnanaa nje. Chicago mwaka 2013 ikazuia bidhaa zenye ladha, mnanaa ukiwemo, ndani ya futi 500 kutoka shule, karibu mita 150. San Francisco ilikwenda mbali zaidi, na wapiga kura wake waliithibitisha sheria ya mji mzima Juni 2018. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kufunga zote, na sigara za mnanaa zilitoka madukani humo tarehe 1 Juni 2020. California watu walipiga kura Novemba 2022, katazo likaanza tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Haikupita muda, zikatokea huko sigara mpya ambazo hazikuandikwa "menthol" popote na harufu ya mnanaa hazikuwa nayo, ila koo lilikuwa linapoa vile vile, kwa kemikali nyingine ya ubaridi. Sheria ilitaja ladha, kiwanda kikauza ubaridi.

Kwa hiyo andikeni hivi, au karibu na hivi:

"Bidhaa yenye ladha" maana yake ni bidhaa yoyote iliyotengenezwa kwa tumbaku au yenye nikotini, iwe ya kuvuta, kupasha moto, kutafuna, kunusa au kuweka mdomoni, ambayo kabla ya kutumiwa au wakati wa kutumiwa hutoa ladha au harufu isiyo ya tumbaku yenyewe, au hisia ya ubaridi, ikiwemo mnanaa, matunda, asali, vanila, chokoleti, iliki, karafuu au kiungo kingine chochote. Na inajumuisha kidonge, kadi, matone, karatasi au kitu kingine kinachouzwa ili kuongeza ladha au hisia hiyo.

Nimetia iliki na karafuu makusudi. Tukinakili orodha za Ulaya, wenzetu watatuletea ladha za pwani.

Kifungu cha pili ni cha ushahidi, maana Jiji halina maabara kila kona: "Endapo mtengenezaji, mwagizaji au muuzaji ametamka au kuandika kwamba bidhaa ina ladha, harufu au ubaridi, itachukuliwa kuwa ni bidhaa yenye ladha hadi ithibitishwe vinginevyo." Msiweke rangi ya pakiti kuwa ushahidi peke yake. Wakili atawauliza kijani gani, na mtakosa jibu.

Cha tatu ni katazo lenyewe, na hapa andaeni matoleo mawili. Toleo la kwanza linazuia kuuza, kuweka mbele ya wateja au kuhifadhi dukani kwa nia ya kuuza, jiji zima. La pili linazuia hayo ndani ya mita 100 kutoka shule na maeneo mengine ya watoto. Kwa nini mawili? Mwanasheria anaweza kuwaambia kuwa baraza lina uwezo wa kuratibu biashara ambayo sheria ya Bunge inairuhusu, lakini kuifuta kabisa ni kuvuka mpaka. Akisema hivyo, msirudi nyumbani mmenuna. Toeni karatasi ya pili. Uganda katika sheria yake ya 2015 ilifunga bidhaa zenye ladha pamoja na shisha na vepu nchi nzima, na Ethiopia ikafuata njia hiyo mwaka 2019, lakini hizo ni sheria za mabunge. Uganda hiyo hiyo inakataza pia kuuza tumbaku ndani ya mita 50 kutoka shule na hospitali. Ngamiani, ambako shule, zahanati na nyumba za watu zinapumuliana, mita 100 zikipigwa vizuri hazibakizi barabara nyingi.

Kwenye toleo la pili, angalieni maneno "shule" na "chuo". Tanga mtu akisema mwanawe yuko chuoni, huenda ana miaka 7 na anasoma juzuu ya Amma. Rasimu itamke shule ya awali, ya msingi na ya sekondari, madrasa, kituo cha kulelea watoto, zahanati, hospitali na uwanja wa michezo. Bila neno madrasa mtakuwa mmewaacha nje watoto wengi wa mji huu saa za jioni. Na mwandike umbali unapimwa vipi: mstari ulionyooka kutoka sehemu ya uzio au ukuta iliyo karibu zaidi. Mkiandika "kutoka shuleni" tu, muuzaji atapimia kutoka ofisi ya mwalimu mkuu.

Kifungu cha nne, adhabu. Imguse muuzaji, isimguse mvutaji. Mvutaji wa miaka 50 pale Deep Sea, anayengoja ngalawa zifike, si mnayemtafuta, na mkianza kumkamata mtapoteza watu. Onyo la maandishi kwanza, kisha faini, kisha kusitishiwa leseni ya biashara kwa kipindi maalumu. Kikomo cha faini kimewekwa na sheria mama na mwanasheria atakiweka mwenyewe. Mimi naamini leseni inatisha kuliko faini, kwa sababu faini huhesabiwa kama gharama ya biashara.

Cha tano, nani anakagua. Andikeni afisa afya na afisa biashara, wenye vitambulisho, na bidhaa yoyote ikichukuliwa itolewe hati yenye idadi, tarehe na sahihi za pande mbili. Bila kifungu hiki sheria yenu nzuri itageuka mtego wa kuwanyang'anya vijana bidhaa zao kituo cha daladala.

Cha sita, muda wa mpito. Miezi 6 tangu kutangazwa, ili mwenye mzigo auuze, asiagize mwingine.

Jijini, mkoani, Dodoma

Kutoka kata, hoja inaingia ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji. Wataalamu wanaipitia, mwanasheria anaandaa rasimu, kamati ya kudumu inayohusika inaijadili, kisha inafika Baraza la Madiwani. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, kwa hiyo mkikosa robo moja mmekosa miezi mitatu. Ulizeni tarehe za vikao vya kamati mapema, maana huko ndiko jambo linapopona au kufa. Barazani wanakwenda kuinua mikono.

Katikati kuna hatua wananchi wengi hawaijui: Jiji hutoa tangazo la kusudio la kutunga sheria ndogo, na watu wanakaribishwa kutoa maoni au pingamizi. Watengenezaji na wasambazaji wanaijua vizuri sana. Siku tangazo likibandikwa, pelekeni maoni ya kuunga mkono kwa maandishi, shule kwa shule, mtaa kwa mtaa, na mchukue nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Faili lenye pingamizi tatu na maoni ya kuunga mkono sifuri linasomeka vibaya hata kama mji mzima uko upande wenu.

Baraza likipitisha, rasimu hupitia mkoani na kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, TAMISEMI, Dodoma, kuidhinishwa. Kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo mnayo rasimu iliyopendwa, sheria hamna. Kwa muda, hesabuni robo za mwaka, msihesabu wiki. Mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuulizia faili kila mwezi, kwa upole, kwa barua. Sisi wa Tanga tunasemwa kuwa ni watu wa waja leo, waondoka leo. Kwa faili hili, mtu wenu awe wa waja leo, arudi kesho.

Hoja mtakazokutana nazo

"Serikali itapoteza mapato." Ushuru wa bidhaa wa sigara hukusanywa na TRA kwa ajili ya Hazina, hauingii kwenye mfuko wa Jiji. Na sigara zisizo na ladha zinaendelea kuuzwa.

"Mnawaua wakulima wa tumbaku." Mkulima wa Urambo au Chunya anauza jani. Tufaha na mnanaa havilimwi naye. Semeni kwa heshima, kwa sababu huenda diwani anayeuliza ana shemeji Tabora.

"Watanunua kwa magendo." Hoja hii ina uzito, hasa mji ulio karibu na mpaka kama wetu, na msiitupe. Magendo yatakuwepo kiasi. Lakini bidhaa ya kufichwa chini ya kaunta haikai kando ya ndoo ya pipi, wala mtoto wa darasa la sita haiokoti kwa macho akirudi nyumbani.

"Tutashtakiwa." Inawezekana. Uganda walishtakiwa na kampuni kubwa ya sigara kuhusu sheria yao ya 2015, na Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri hilo Mei 2019. Sheria yao ikasimama.

Na kuna hoja isiyosemwa kikaoni: mtu atakayekuja na jezi za timu ya mtaa, au mapipa ya taka, au semina ya wauzaji yenye chai na maandazi. Ibara ya 5.3 ya ule Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku inazitaka nchi zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Kwa lugha ya mtaa: mkikutana nao, mkutane ofisini, mchana, mbele ya watu, na muhtasari uandikwe. Jezi msipokee.

Wakati faili linatembea

Sheria ya 2003 ipo leo. Mwombeni afisa biashara na afisa afya wapite vibanda vya karibu na shule wawakumbushe wauzaji kuhusu umri wa miaka 18. Tengenezeni kibao cha maneno machache, "Hapa hatuuzi sigara kwa aliye chini ya miaka 18", mkakigawe bure. Mwenye kibanda aliyekubali kukitundika, nunueni kwake. Wazazi kumi wakihamishia sukari na mkate kwake, wa jirani ataulizia kibao chake mwenyewe.

Siku ya kuanza

Gazeti likitoka, chukueni nakala ya tangazo lenye namba na tarehe yake, mkaitoe kopi nyingi. Moja ofisi ya kila mtaa, moja kwa kila mwalimu mkuu, moja madrasani, moja kituo cha polisi, na moja mkononi mwa kila mwenye kibanda, asomewe kama hasomi vizuri. Kwenye ukurasa wa nyuma chapisheni orodha ya bidhaa zinazokatazwa kwa majina ya mitaani: ya mnanaa, ya kubonyeza, shisha, vepu za ladha, kuberi. Wekeni tarehe ya mwisho ya kuuza mzigo wa zamani kwa herufi kubwa.

Miezi mitatu baada ya tarehe hiyo, toeni lile daftari la mwanzo, mrudi barabara zile zile, watu wawili wawili, mhesabu tena. Mkikuta pakiti mpya isiyo na jina la ladha lakini muuzaji anasema "hii inapoza", nunueni moja, mtu mzima, na risiti, mkampelekee afisa afya pamoja na kifungu cha tafsiri kilichopigiwa mstari chini ya neno ubaridi.